Difu ya kuzaliwa au ya kuokota? Kukagua ekseli ya nyuma ya gari la misuli la Kimarekani

Muuzaji atakwambia: "Hii ni 4.10 ya kiwandani, haijawahi kuguswa." Anazungumzia resho ya difu. Usibishane naye. Omba ruhusa ya kuinua gari, chukua tochi, chaki na tambara, kisha ulale chini. Injini kila mtu anaipiga picha na namba zake zimo kwenye kila tangazo. Difu iko huko nyuma gizani, imejaa grisi na tope la miaka hamsini, na huko ndiko watu hubadilisha vitu bila kusema.

Magari ninayoyazungumzia ni ya kuanzia kama 1964 hadi 1974: Chevelle, Camaro, Mustang, Road Runner, Charger, GTO na ndugu zao. Ufundi nimeujulia nyumbani, kwenye Land Rover na Land Cruiser, na siku hizi huwa nawakagulia Waswahili wenzangu walioko Marekani kabla hawajatoa pesa. Difu ni difu. Tofauti ni kwamba huku herufi mbili zilizogongwa kwenye bomba la ekseli zinaweza kupandisha bei ya gari au kuiporomosha.

Kabla ya kushika jeki, tenganisha maswali mawili kichwani. La kwanza: ganda la ekseli ndilo lililotoka na gari kiwandani? La pili: krauni na pinioni, yaani gia kubwa na gia ndogo zilizomo ndani, ndizo zilizofungwa mle siku ile? Mara nyingi utapata ndiyo kwa la kwanza na hapana kwa la pili. Kijana aliyenunua gari la 3.08 alitaka kuchomoka kwenye taa za barabarani, akaweka 4.10. Mwenzake alikuwa na 4.10, mafuta yakapanda mwishoni mwa 1973, akaitoa akaweka 2.73. Magari yote mawili yana ganda la kuzaliwa, lakini meno ni ya kuokota.

Na resho yenyewe maana yake ni hii: difu ya 4.10, propela, ile shafti ndefu itokayo giaboksi hadi difu, huzunguka mara 4 na kidogo gurudumu likizunguka mara moja. Kwa tairi la kimo cha inchi 27, ukienda maili 60 kwa saa kwenye gia ya juu ya moja kwa moja, injini ya gari la 4.10 inazunguka kama mara 3,060 kwa dakika. La 2.73 linakwenda na 2,040 hivi. Ukisafiri nalo saa nne, masikio yako yataijua tofauti.

1. Anza na makaratasi, mikono ikiwa bado safi

Kila kampuni iliacha alama zake mahali pake.

Ford waliweka sahani mlangoni upande wa dereva, yenye sehemu ya ekseli. Kuanzia 1970 sahani ile ikawa stika. Kwa Mustang za 1969 na 1970, herufi S ni 3.50 ya kubana, V ni 3.91 ya Traction-Lok, na W ni 4.30 ya Detroit Locker. Ukiona V au W kwenye gari lenye injini ya 428 Cobra Jet, hapo kuna Drag Pack, furushi la kuagiza la mashindano, yaani gari ni Super Cobra Jet na lilitoka na kipoza oili cha injini mbele. Kama sahani inasema W na kipoza oili hakipo, wala hakuna alama ya mahali kilipofungwa, uliza. Kwa Ford za kuanzia 1967, kumbukumbu za uzalishaji zinatunzwa na Marti Auto Works, nao huuza ripoti ya gari moja moja ambayo resho imo. Ni pesa kidogo, na hukuokolea pesa nyingi.

Pontiac wana PHS (Pontiac Historic Services), wanaotoa nakala za karatasi za kiwandani. Chevrolet ndiyo yenye taabu, kwa sababu magari yaliyouzwa Marekani hayana hazina kama hiyo. Kilichopo ni kile kibati kidogo cha waranti kiitwacho Protect-O-Plate, cha 1965 hadi 1972, kilichogongwa kodi, yaani herufi za utambulisho, za injini, giaboksi na ekseli. Au karatasi ya kuundia gari, ambayo mara nyingi hukutwa juu ya tangi la mafuta imeliwa nusu na panya. Chrysler waliweka kibati ndani ya fenda ya kushoto, na karatasi ya kuundia hukutwa kwenye springi za kiti cha nyuma au chini ya kapeti. Huko tafuta A33, ambayo ni ekseli ya Dana yenye 3.54 kwa giaboksi ya gia nne, na A34, ambayo ni Dana ya 4.10. D91 ni Sure Grip, difu ya kubana.

Nikisema "difu ya kubana" nakusudia ile yenye klachi au koni ndani, inayoyafanya magurudumu yote mawili yasukume pamoja. Chevrolet waliiita Positraction, Pontiac wakaiita Safe-T-Track, Oldsmobile Anti-Spin. Majina mengi, kazi moja.

Kumbuka kwamba vibati hivi vyote vinatengenezwa upya na kuuzwa. Karatasi inakwambia gari lilitakiwa liwe na nini. Chuma ndicho kitakachokwambia lina nini.

2. Tazama umbo kutoka nyuma

Hapa huhitaji hata kuinua gari, piga magoti tu. Kama nyuma ya difu kuna kava lililofungwa kwa bolti, hesabu bolti. Kama hakuna kava, nyuma ni mviringo mtupu wa bati nene, basi kichwa cha difu kinatokea mbele, na unashughulika na Ford ya inchi 8 au 9, au Chrysler ya 8¾.

Chevrolet wana kava la bolti 10 na la bolti 12. Lile la 12 ndilo lenye krauni kubwa zaidi, inchi 8.875, na ndilo lililowekwa kwenye injini kubwa na kwenye Camaro Z/28, ambayo resho yake ya kawaida ilikuwa 3.73. Lakini usione bolti 12 ukashangilia. Malori madogo ya Chevrolet yalikuwa na yake ya bolti 12, kava lina umbo jingine na vipuri vya ndani haviingiliani. Oldsmobile nao walikuwa na ekseli yao yenye bolti 12 kwenye kava lakini krauni imeshikwa na bolti 10. Tena tazama masikio: Chevelle inakalia springi za mzunguko, kwa hiyo juu ya kichwa cha difu kuna masikio mawili ya kushikia mikono ya juu. Camaro inakalia majani ya springi, haina masikio hayo. Camaro yenye alama za masikio yaliyokatwa na kusagwa ilikwenda kuazima kwa jirani.

Kutofautisha Ford ya 8 na ya 9 kuna ujanja ambao mafundi wanaupenda. Chukua boksi na rachet, jaribu kufungua nati za kichwa cha difu. Kwenye ya inchi 8 boksi inaingia kwenye nati zote. Kwenye ya 9, nati mbili za chini zimezibwa na chuma cha kichwa chenyewe, itakubidi utumie spana. Kwenye Mustang za mwanzo tofauti hii ina uzito: V8 nyingi zilikuwa na ya 8, ila yenye injini ya 289 ya kodi K ilitoka na ya 9. Na ukikuta herufi N kubwa imesubiwa kwenye kichwa cha inchi 9, hicho ni cha chuma kigumu zaidi cha kazi nzito.

Kwa Chrysler, 8¾ haina kava nyuma na Dana 60 ina kava la bolti 10. Dana iliingia 1966 kwenye magari ya injini ya Hemi yenye gia nne. Watu wengi hudhani kila Hemi lazima iwe na Dana, nao hukataa gari zuri bure. Hemi ya giaboksi otomatiki kwa kawaida ilitoka na 8¾. Ilikuwa mpaka mteja aagize furushi la ekseli ndipo apate nyingine.

Kwenye 8¾ soma tarakimu tatu za mwisho za namba iliyosubiwa ubavuni mwa kichwa: 741, 742 au 489. Ni aina tatu za pinioni, na seti za meno hazibadilishani. 489 ilianza 1969. Kwa hiyo Dodge Coronet ya 1966, ambayo nayo ni ya Chrysler, yenye 489 imebadilishwa kichwa, hata kama mwenyewe anaapa kwa jina la mama yake.

3. Safisha bomba, kisha soma

Hapa ndipo pa kutulia. Kwa Chevelle na Camaro, mhuri uko kwenye bomba la kulia, upande wa abiria, uso unaotazama mbele. Usikimbilie brashi ya waya. Herufi zimegongwa kwa kina kidogo sana, na waya wa chuma huzifuta kabisa. Paka dawa ya kulegeza kutu, subiri robo saa, futa kwa tambara, rudia. Grisi ngumu ikwangue kwa kipande cha mti au plastiki. Bomba likishakuwa safi, zima taa ya gereji, lala chali, na uelekeze tochi sambamba na chuma, isimulike kwa mbele. Herufi ambazo hukuziona hata kidogo zitainuka na vivuli vyake. Zikikataa, pitisha chaki juu kisha futa polepole kwa kiganja. Unga utabaki kwenye mashimo. Piga picha kumi, maana ile moja nzuri hutajua ni ipi mpaka ufike nyumbani.

Magari ya mikoa ya kaskazini, kule wanakomwaga chumvi barabarani wakati wa theluji, mara nyingine bomba limeliwa na hakuna cha kusoma. Hilo si kosa la muuzaji. Lakini kama bomba lote lina kutu ila kipande cha inchi tatu kimesagwa kikang'aa, na herufi zimekaa juu ya mkwaruzo wa msasa, hapo mtu amekaa akaandika upya.

Mhuri wa Chevrolet wa 1969 unasomeka mfano BU 0313 G. BU ni kodi ya ekseli na resho, 0313 ni Machi 13, G ni kiwanda cha Detroit. Baada ya hapo huweza kufuata namba ya zamu, na E ikiwa difu ni ya kubana iliyotoka Eaton. Kodi lazima uitafute kwenye jedwali la mwaka uleule na gari lileile, kwa sababu herufi zilizotumika mwaka mmoja hupewa maana nyingine mwaka mwingine. Kuanzia 1970 kodi zikawa za herufi tatu.

Umeona kwamba mwaka haumo. Mwaka unautafuta kwenye kichwa cha difu, kwenye tarehe iliyoinuka iliyotoka na kalibu. Herufi ni mwezi, A ikiwa Januari mpaka L Desemba, kisha siku, kisha tarakimu ya mwisho ya mwaka. C 3 9 ni Machi 3, 1969.

4. Panga tarehe kwenye mstari

Chuma husubiwa kwanza, kisha ekseli huundwa, kisha gari huundwa. Mpangilio huo haugeuki. Kwa mfano wetu: kichwa kimesubiwa Machi 3, ekseli imefungwa Machi 13, na kibati cha bodi kwenye ukuta wa injini kinasema 03D, yaani wiki ya nne ya Machi. Hiyo ni familia moja. Siku chache au wiki chache kati ya kila hatua ni kawaida.

Ikiwa mhuri wa ekseli ni wa Juni na gari ni la Machi, difu haikuzaliwa na gari hilo, hata kama kodi ni sahihi na muuzaji ana risiti. Ikiwa ekseli imetangulia gari kwa miezi minane, inawezekana, lakini mimi ningeandika "mwaka sahihi" tu, na ningelipa kwa bei ya mwaka sahihi.

5. Kibati cha resho ni shahidi wa mwisho

Ford na Chrysler walifunga kibati kwenye moja ya bolti za kichwa cha difu. Cha Ford kinasomeka hivi: 3 50 kwa difu ya kawaida, 3L50 kwa ya kubana. Herufi L imekaa pale penye nukta. Kinapendeza sana kwenye picha za tangazo.

Na ni bolti moja tu inayokishika. Fundi anafungua kichwa, anaweka meno mengine, anarudisha kibati kilekile kwa nia njema kabisa. Mimi mwenyewe niliwahi kununua 8¾ kwenye soko la vipuri, kibati kinasema 3.91, kina kutu ya kuheshimika, muuzaji ana mvi. Ilikuwa chini kwenye nyasi, na kuzungusha pinioni kwa mkono ilikuwa kazi ya dakika tatu, lakini mvua ilikuwa inaanza. Nilipokuja kuifungua nikasoma 42 na 13. Gawanya: 3.23. Tangu siku hiyo nahesabu hata mvua ya mawe ikinyesha.

6. Zungusha gurudumu

Weka kabari magurudumu ya mbele. Inua nyuma, shusha ekseli kwenye stendi mbili, usitegemee jeki peke yake. Injini imezimwa, na isiwashwe kwa sababu yoyote: difu ya kubana ikiwa na gurudumu moja chini itaisukuma gari ikuangukie.

Kwanza jua aina ya difu. Magurudumu yote mawili yakiwa hewani, weka giaboksi kwenye P, au kwenye gia kama ni ya mkono, na uachie breki ya mkono. Zungusha gurudumu moja. La pili likizunguka kinyume, difu ni ya kawaida. Ukiona linagoma, difu inabana. Ila difu ya kubana iliyozeeka, klachi zake zimekwisha, itajifanya ya kawaida, kwa hiyo usimwite mtu mwongo kwa kipimo hiki peke yake.

Sasa hesabu, giaboksi ikiwa huru. Chora mstari wa chaki kwenye propela na mwingine kwenye tairi.

Difu ya kubana: yakiwa yote hewani, zungusha gurudumu mara moja kamili, mwenzako ahesabu propela. Ikizunguka mara tatu na robo tatu hivi, ni 3.73.

Difu ya kawaida: shusha gurudumu moja chini, lililobaki hewani lizungushe mara mbili kamili. Mizunguko ya propela ndiyo resho. Mara mbili, kwa sababu gurudumu lililoshikwa chini linaifanya krauni iende nusu ya mwendo wa gurudumu unalolizungusha. Watu husahau hapa, wanapata 1.8 na kuanza kutafuta mchawi.

Ukitaka kutenganisha 3.55 na 3.73, zidisha mizunguko mara kumi kisha ugawe kwa kumi. Lakini kuna jozi moja ambayo chaki haiwezi kuitenganisha: 3.55 na 3.54 za Chrysler. Ya kwanza ni meno 39 kwa 11, ya pili 46 kwa 13, na ukigawa unapata 3.545 na 3.538. Ila 3.55 ni ya 8¾, na 3.54 ni ya Dana. Sehemu moja ya mia kwenye karatasi, kumbe ni ekseli mbili tofauti kabisa. Rudi hatua ya pili, utazame kava.

Kama huruhusiwi kuinua gari, omba kuliendesha. Weka simu isome mwendo, panda gia ya juu kabisa ya moja kwa moja, soma mizunguko ya injini. Zidisha mizunguko kwa kimo cha tairi kwa inchi, gawa kwa mwendo wa maili, gawa tena kwa 336. Mizunguko 2,800 kwa maili 60 na tairi la inchi 27 inatoa 3.75, basi ni 3.73. Otomatiki itakudanganya kidogo kwenda juu kwa sababu ya kuteleza. Na kama spidomita ya gari inapishana sana na simu, kuna mtu alibadilisha meno au matairi akasahau gia ndogo ya spidomita kwenye giaboksi. Hiyo gia mara nyingi bado inakumbuka resho ya zamani.

7. Fungua, ukikubaliwa

Kwa GM na Dana ni kava tu: kinga oili, legeza bolti, acha mbili za juu mpaka oili ishuke. Soma ukingo wa krauni. Utaona namba mbili zimegongwa, kama 41 na 11, au 41 na 10. Gawa kubwa kwa ndogo. Angalia pia kama kati ya krauni na kikombe cha difu kinachoibeba kuna pete ya kujazia nafasi, au krauni ni nene kupita kawaida. Kwenye Chevrolet ya bolti 12, kikombe cha 3.73 kushuka chini si kile cha 4.10 kupanda juu, kwa hiyo pete au unene huo maana yake mtu alitaka 4.10 bila kununua kikombe kingine. Tazama gundi ya silikoni ya rangi kwenye ukingo wa kava: kiwandani kulikuwa na gasketi ya karatasi.

Ford ya inchi 9 na 8¾ ni lazima uchomoe hafu shafti ndipo kichwa kitoke. Sijawahi kumwomba muuzaji hivyo. Hesabu ya chaki inatosha.

Ukimaliza, futa uso wa kava mpaka ukauke, weka gasketi mpya, jaza oili mpaka ilingane na tundu la kujazia. Kwa difu ya kubana ya klachi ongeza ile dawa yake ya klachi, hata kama mwenye gari anasema hajawahi kuitia. Kisha zunguka polepole umbo la nane kwenye uwanja mtupu, mara kumi kila upande, usikilize nyuma. Ikigugumia, iongezee dawa kidogo uzunguke tena.